Buibui wa shangazi na yule Juma wa Marekani

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Choo chako umekiangalia leo?"

Hiyo ni Jumapili, saa mbili kasoro asubuhi, mi nimekaa kibarazani hapa Ngamiani, Tanga, na chai yangu na vitumbua, hata kimoja sijakimaliza. Shangazi yangu si mtu wa kupiga simu ovyo, akiwa na jambo anabipu unampigia wewe, kwa hiyo nilivyoona kapiga mwenyewe kwa salio lake nikajua ama kuna msiba ama kuna posa. Kumbe kuna buibui.

Alikuwa kapokea meseji kwenye grupu lao la kikoba, ndefu kama risala ya mwenge. Naifupisha: kuna buibui mdogo mwekundu katoka Amerika ya Kusini, anajificha chini ya kikalio cha choo, akikuuma husikii kitu, baada ya siku kadhaa unapata homa na baridi, unatapika, mwili unapooza, unakufa. Wanawake watatu washakufa Dar. Daktari bingwa kathibitisha. Tuma kwa kila mwanamke unayempenda, usidharau.

Nikamuuliza, "Shangazi, hicho choo chako kikalio kiko wapi?"

Maana choo cha shangazi pale Makorora ni cha kuchuchumaa tangu nyumba inajengwa, sakafu ya saruji, tundu, ndoo ya maji na kopo la kutawazia. Hakuna kikalio, hakuna mfuniko, hakuna pa buibui kuinamia. Kukawa kimya. Nikasikia anahema.

"Basi atakuwa kwenye kopo."

Alikuwa keshamwaga mafuta ya taa nusu lita, kaua buibui wawili wa ukutani wasio na kosa, na mjusi mmoja aliyepita njia. Wajukuu wamekatazwa kuingia mpaka mi niende nikague. Na meseji keshaituma kwa watu kumi na saba.

Sasa huyu buibui mi namjua siku nyingi. Kwenye mwaka 2005 hivi nilikuwa nasimamia intaneti kafe hapa mjini, kompyuta sita, mbili mbovu, nusu saa mia tano, na siku moja akaja mteja anataka nimprintie imeili aliyotumiwa na ndugu yake wa Uingereza, kopi arobaini, akabandike vyooni kazini kwake. Nikasoma wakati printa inahema. Ilikuwa ni yuleyule, ila kwa Kiingereza na hao wanawake watatu wamefia Chicago, walikwenda msalani kwenye mgahawa ulioko uwanja wa ndege. Uwanja wenyewe umeandikwa Blare. Mi Chicago sijafika na sitafika, lakini kompyuta ilikuwepo na mtandao ulikuwepo, nikatafuta. Chicago kuna O'Hare, kuna Midway. Blare hakuna.

Nikaendelea. Daktari aliyetajwa ni Dkt. Beverly Clark, na makala yake eti imetoka kwenye jarida liitwalo Journal of the United Medical Association, na kifupi chake kimeandikwa kwenye mabano: JUMA.

Nilicheka mpaka mtu wa kompyuta namba tatu akageuka. Jarida la udaktari la Marekani linaitwa Juma! Yani mtunzi alichukua jarida la kweli, JAMA, la chama cha madaktari wa Marekani ambalo linatoka tangu 1883, akabadilisha herufi moja, ili msomaji asiye makini aone amewahi kulisikia. Kwa Mmarekani hiyo inapita. Kwa mtu wa Tanga ambaye mtaani kwake kuna akina Juma wanane haipiti. Na hilo jina la kisayansi alilopewa buibui ndo kichekesho kabisa, Arachnius gluteus. Gluteus ni msuli wa makalio. Aliyeandika alikuwa anatutania waziwazi.

Hiyo imeili ilianza kuzunguka 1999. Ilipofika 2002 mtu mwingine akaona lile jina linajichoma lenyewe, akalitoa akaweka Telamonia dimidiata, marehemu wakahamia Florida. Hapa ndo pagumu kidogo, kwa sababu Telamonia dimidiata yupo. Ukimtafuta unampata na picha zake, buibui mrukaji wa misitu ya Asia, mwili wake haufiki sentimita mbili, jike lina mistari miwili myekundu mgongoni. Mtu anatafuta, anamwona, anasema unaona? yupo! anatuma. Lakini kuwepo kwake si ushahidi wa kuua. Hana historia yoyote ya kumdhuru binadamu na chooni hakai, anawinda kwenye majani. Kasingiziwa tu, kama mtu aliyekutwa amesimama karibu na duka lililovunjwa.

Kwa hiyo nilivyopigiwa na shangazi miaka yote hii baadaye, nikamsikia yuleyule, kaja kwa Kiswahili, kavaa kanga, na kahamia Dar. Ndo tabia yao. Mji unabadilika, idadi ya maiti inabadilika, maneno ya katikati yanabaki vilevile, homa baridi kutapika kupooza. Mi huwa nachukua sentensi moja ya hapo katikati, nairudisha Kiingereza (Kiswahili mara nyingi hakitoi kitu kwa sababu tafsiri ni ya juzi tu), naiweka kwenye alama za nukuu, natafuta. Dakika mbili. Ukikuta maneno hayohayo yaliandikwa miaka ishirini nyuma na mji mwingine, basi umemkamata. Kule Marekani kuna tovuti ya Snopes ipo tangu miaka ya tisini inafukua hivi vitu tu, huku Afrika kuna Africa Check tangu 2012. Lakini hata bila hao, jiulize tu lini. Meseji za uongo zina "wiki iliyopita" na "jana usiku", tarehe hazina, ndo maana hazizeeki.

Na msidhani ni mambo ya simu. Wazee wa pwani wanakumbuka barua za kunakili kwa mkono, ukipata uandike nyingine kadhaa ugawe, usipogawa litakupata jambo. Mwaka 1908, enzi ya Mjerumani, ilizunguka pwani hii barua iliyosemekana imetoka Maka, ikapita mkono kwa mkono mpaka serikali ya Mjerumani ikataharuki ikadhani ni maandalizi ya vita vingine, maana Majimaji ilikuwa imeisha juzi tu. Na popobawa, yule shetani wa usiku, wa 1995 alitoka Pemba akavuka Unguja watu wakawa wanalala nje kwa makundi, hakuna aliyekuwa na simu mkononi. Woga una miguu yake.

Picha ndo zinazonipa kazi zaidi. Kuna ile ya mdudu wa kahawia mgongo umejaa vitundu vitundu, na pembeni yake mkono wa mtu umetoboka matundu hivyohivyo, ukiitazama mwili unasisimka unataka kujikuna. Maandishi yanasema ukimwona usimuue kwa mkono mtupu, ana virusi vinavyoenea mwili mzima kwa dakika chache, ameonekana kwanza India. Hii nimetumiwa si chini ya mara sita, mara moja na mwalimu wa sayansi.

Ukiipeleka ile picha kwenye Google Lens, unabonyeza tu picha na kusubiri, unakuta mambo mawili tofauti yameunganishwa. Mdudu ni mdudu mkubwa wa majini, dume, na vile vitundu mgongoni ni mayai. Jike linamtagia mgongoni, linayagandisha pale safu kwa safu, linaondoka na shughuli zake. Yeye anabaki anayabeba, anapanda juu ya maji yapate hewa, anazama, anapanda, mpaka yaanguliwe. Baba wa watu analea watoto peke yake halafu anaitwa muuaji! Akikubana vidole utapiga kelele, hilo kweli, anauma vizuri tu, lakini virusi hana. Na ule mkono ni wa kutengeneza, wamechukua tunda la lotus, lile lenye mashimo ya mbegu, wakalibandika kwa kompyuta juu ya ngozi ya mtu.

Halafu kuna ambazo nusu kweli, na hizi ndo zinakufanya usiwe na kiburi. Yule mdudu mwembamba kama chungu, rangi ya machungwa na nyeusi, wanamwita Nairobi fly. Meseji inasema anauma na sumu yake inaingia kwenye damu unakufa. Haumi, hana hata mwiba. Sumu yake inaitwa pederini iko ndani ya mwili wake, ukimponda kwenye ngozi ndo inatoka, na haikuchomi papo hapo, unalala vizuri kabisa, kesho au keshokutwa ndo unaona. Mimi nilimpiga kibao shingoni usiku wa masika, taa inawaka, nikampangusa kwa mkono. Baada ya siku moja nina mstari mwekundu shingoni kama nimechapwa waya, ukavimba malengelenge, na pale kiwiko au shingo inapokunjana malengelenge yananakili upande wa pili. Wiki mbili navaa kola. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 walijaa kweli Afrika Mashariki nzima watu wakavimba macho. Kwa hiyo meseji ilikosea kuua, ila haikukosea kutahadharisha. Mpulize, usimponde, ukimponda osha kwa sabuni haraka na mkono usipeleke machoni. Sentensi moja ingetosha. Lakini sentensi moja haisambai.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Nilikwenda Makorora siku ileile. Nimekagua choo, nimenyanyua kopo mbele ya wajukuu kama mwanamazingaombwe, hamna kitu, wakakimbilia ndani wanagombania zamu. Nikakaa na shangazi ukumbini, nikamwonyesha ile ya 1999, nikamwonyesha Juma. Akacheka kidogo. Halafu nikamwambia, kwa utani tu, shangazi sasa uache kutumatuma.

Akaniambia, "Nisipotuma, ikawa kweli?"

Na hapo nikanyamaza, kwa sababu nilijua anasema nini. Mtoto wake wa pili, binamu yangu, aliumwa na kifutu kule Muheza, shambani kwa wakwe, amekwenda kuchuma machungwa jioni, kifutu kalala kwenye majani makavu kama kawaida yake, hakimbii, anasubiri mpaka umkanyage. Shangazi akapigiwa simu, na shangazi akiwa Tanga alikuwa na meseji. Alikuwa ameitunza kabisa. Mgonjwa afungwe kamba kwa nguvu juu ya jeraha, achanjwe kwa wembe, awekewe jiwe jeusi la nyoka linyonye sumu. Akawasomea kwenye simu neno kwa neno, nao wakafanya. Jiwe likaganda kwenye jeraha, wakaona linanyonya, wakasubiri lidondoke lenyewe maana meseji ilisema likishiba linadondoka. Saa tatu zimepita. Mguu umekuwa kama gogo.

Daktari aliyempokea aliifungua ile kamba taratibu na akasema maneno machache ambayo shangazi anayajua kwa moyo mpaka leo. Sumu ya kifutu inaua nyama pale ilipo, ukiifungia sehemu moja bila damu unaisaidia kazi. Jiwe linaganda kwa sababu ni kitu kikavu chenye vitundu kikikutana na damu, lingeganda hata ungejikata na kisu cha vitunguu. Kilichotakiwa ni mgonjwa atulie, asitembee, mguu usichezeshwe kama umevunjika, viatu na bangili na pete zitolewe kabla ya kuvimba, aletwe. Basi. Pikipiki ilikuwa pale pale nje ya nyumba muda wote.

Binamu alipona, kapoteza vidole viwili vya mguu. Anatembea, anapiga baiskeli kama mtu yeyote wa Tanga. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 81,000 mpaka 138,000 wanakufa kwa nyoka kila mwaka duniani, mwaka 2017 wakaliingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na mi kila nikisoma hizo namba nawaza ni wangapi walikuwa wamekaa wanasubiri jiwe lishibe.

Mtu mwingine angeacha kuamini meseji baada ya hapo. Shangazi yangu alikwenda upande wa pili. Anaogopa kuwa na habari asiiseme. Kila inayokuja anaituma, ya kweli ya uongo, ili asije akalala usiku na moja ambayo hakuituma. Sikuwa nimeliona hivyo. Mi nilikuwa naona mama mtu mzima hajui mtandao.

Kwa hiyo tumepatana hivi: kabla hajaituma grupu anitumie mimi kwanza. Nikipiga jibu la kidole gumba anaituma, nikichelewa ananibipu. Kwenye grupu la kikoba sijamsahihisha, hapo sithubutu, mtu mzima huwezi kumuumbua mbele ya wenzake walioweka naye hisa, aliandika mwenyewe kwa mkono wake "ile ya choo nimeulizia si kweli, samahanini" na watu wakamwitikia ahsante mama. Nikamfundisha na kitu kimoja tu, ile alama ya mishale miwili juu ya meseji. Ikiwepo maana yake imepita mikono mingi sana, na tangu 2020 WhatsApp hairuhusu uitume zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Yeye anaiita "ya miguu mingi". Siku hizi huniuliza, "Hiyo ya miguu mingi, baba, nikuletee?"

Wiki mbili zimekwenda vizuri. Kaniletea nyoka wa vichwa vitano (picha ya kuunganisha, nyoka wa vichwa viwili huzaliwa kweli mara chache, wa vitano hakuna). Kaniletea yule anayeitwa buibui wa jangwani, wa picha ya wanajeshi Iraki, anayeonekana mkubwa kama mguu wa mtu kwa sababu wameshikiliwa karibu na kamera na wako wawili wameng'ang'aniana, na wala si buibui hasa. Nimekaza uso kama hakimu.

Juzi akaleta nyingine. Picha ya samaki mkubwa wa buluu iliyopauka, magamba kama ya vigae, mapezi yamekaa kwenye vishina vya nyama kama vimiguu, na maandishi kwamba huyu alitoweka pamoja na madainosa miaka zaidi ya milioni sitini iliyopita na amevuliwa tena Tanga. Chini yake shangazi kaandika mwenyewe: "Hii nimeijua bila kukusumbua. UONGO. Nimefuta."

Jamani. Ni silikanti. Kati ya zote alizowahi kuniletea, hiyo ndo ya kweli tupu. Aliyemgundua mara ya kwanza ni bibi Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho kule East London, Afrika Kusini, mwaka 1938, kwenye samaki wa meli ya uvuvi, dunia nzima ikashangaa kwa sababu walimjua kwenye mawe tu. Na kwetu hapa, kuanzia 2004, wavuvi wa nyavu za jarife wakaanza kuwapandisha, upande wa Kigombe na kuendelea, wametega papa wanapata jitu ambalo nyama yake ina mafuta mabaya hailiki. Mpaka 2009 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari kwa jina lake. Hiyo habari ina kila kitu ambacho buibui wa chooni hana. Kuna mwaka, kuna kijiji, kuna aina ya nyavu, kuna mwili wa samaki mtu kaushika akaupima.

Nikampigia. Nikamweleza yote, na hifadhi, na jarife, na Kigombe.

"Baba," akasema, "samaki wa miguu?"

"Mapezi, shangazi. Yanafanana na miguu."

"Na amekaa miaka milioni sitini?"

"Si huyohuyo mmoja. Ukoo wake."

Kimya. Nasikia redio yake nyuma.

"Na daktari aliyesema hayo anaitwa nani? Juma?"

Nimemtumia picha nyingine tatu na jina la bibi wa Afrika Kusini. Tiki za bluu zimeonekana tangu jana saa kumi. Hajajibu.